Kinyama cha uvimbe kikioza, jibu nalo huoza

Na Tabibu Msaidizi, Bugarama

Ndugu wasomaji, safari hii safu yetu ya afya inazungumzia kitu kidogo sana. Ni kile kinyama ambacho daktari hukikata kwenye uvimbe wa mgonjwa ili kikapimwe.

Wananchi wengi hapa Bugarama wakiambiwa kwamba mtoto wao atakatwa kinyama, huogopa. Wengine husema kwamba uvimbe ukiguswa na kisu utaenea mwili mzima. Wengine huuliza: "Hicho kinyama kinapelekwa wapi, na huko kinafanywa nini?" Swali hilo ni la haki. Leo nitalijibu, lakini kwanza nitaeleza kosa langu mwenyewe.

MTOTO WA SHAVU LILILOVIMBA

Wakati huo nilikuwa bado mwanafunzi wa cheti, niko kwenye mafunzo ya vitendo katika hospitali moja ya kanda yetu. Aliletwa mtoto wa kiume wa miaka sita. Meno yake ya juu, upande wa kushoto, yalikuwa yanalegea moja baada ya jingine, na shavu lilikuwa limevimba. Aliyemleta ni bibi yake.

"Mwangaluka mayu," daktari alimsalimu. "Mtoto ameanza lini kuvimba?"

"Mwangaluka, baba," bibi alijibu. "Mwezi haujaisha. Tulidhani ni jino. Tukanunua vidonge dukani, hakupata nafuu. Majirani wakasema amerogwa. Mimi nikasema hapana, nampeleka hospitali kwanza."

Bibi huyo alifanya jambo la busara. Daktari alimpa mtoto dawa ya ganzi akakata kinyama kidogo kwenye uvimbe. Lakini siku hiyo fomalini ilikuwa imekwisha. Fomalini ni dawa ya kuzuia nyama isioze. Kwa hiyo kinyama kiliwekwa katika maji ya chumvi ya dripu, ndani ya kichupa kidogo kilichokuwa na dawa ya sindano. Nikaambiwa nikipeleke kituo cha basi kiende Mwanza.

Nilipofika, basi lilikuwa limekwisha ondoka. Nikarudi nacho, nikakiweka mezani karibu na dirisha, penye jua. Kikaondoka kesho yake alasiri, na njiani basi likakaa kwenye foleni ya kivuko. Mimi sikumwuliza mtu yeyote kama kinyama kinaweza kukaa hivyo. Nilidhani kazi yangu ni kubeba tu.

Baada ya siku nane jibu lilikuja. Lilisema kwamba kinyama kimeoza, hakisomeki, kiletwe kingine.

Baba wa mtoto alikataa. Alisema, "Mmemkata mara ya kwanza hamkupata kitu. Mtamkata mpaka lini?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu zuri la kumpa. Bibi ndiye aliyembembeleza mwanawe, na ilichukua siku sita. Kwa muda wote huo uvimbe ulikuwa unapanda kuelekea kwenye jicho.

Kinyama cha pili kiliwekwa kwenye fomalini, katika chupa yenye mdomo mpana. Kilisomeka vizuri. Mtoto alikuwa na kansa inayoitwa kansa ya Burkitt. Alipoanza dawa, uvimbe ulipungua katika siku chache tu, hata bibi yake akashangaa. Leo mtoto huyo anasoma shule. Lakini jicho lake la kushoto halioni.

Ndugu wasomaji, mimi ndiye niliyekiacha kile kichupa dirishani. Ndiyo sababu naandika habari hii.

KANSA YA BURKITT NI NINI?

Kansa ya Burkitt ni kansa ya chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Huwapata zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9, na wavulana kuliko wasichana. Mara nyingi huanza kwenye taya, au tumboni, au karibu na jicho. Ni miongoni mwa kansa zinazokua haraka kuliko zote. Chembechembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo wiki moja kwa mgonjwa huyu si muda mdogo.

Lakini kuna habari njema. Kwa kuwa inakua haraka, dawa nazo huiua haraka. Mtoto akianza dawa mapema, na akimaliza zote, ana nafasi nzuri ya kupona.

Kansa hii ilianza kufahamika vizuri hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland, Denis Burkitt, alikuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Aliona watoto wenye uvimbe wa taya wa aina moja, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwezi Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari moja wakasafiri karibu maili 10,000. Walipita hospitali nyingi za Afrika Mashariki na kuendelea kusini, Tanganyika ikiwemo, wakiuliza swali moja: "Mmepata kuwaona watoto wenye uvimbe wa namna hii?"

Waligundua kwamba ugonjwa huu uko zaidi mahali penye joto na mvua, pasipo na miinuko mikubwa. Karibu na ikweta, sehemu zilizo juu ya futi 5,000 hazikuwa nao sana. Sisi wa Shinyanga na Geita tuko chini ya kiwango hicho. Mahali hapo penye joto na mvua ndipo pia penye mbu wengi na malaria nyingi. Siku hizi inajulikana kwamba malaria ya mara kwa mara huwadhoofisha walinzi wa mwili wa mtoto, na kuifungulia njia kansa hii.

KINYAMA KILICHOSAFIRI KWA NDEGE

Malaria peke yake haitoshi kuleta kansa hii. Kuna virusi pia, na waliogundua virusi hivyo walivigundua ndani ya kinyama kilichotoka Uganda.

Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba huko London. Mtaalamu mmoja, Anthony Epstein, alimsikiliza, akaomba apelekewe vinyama vya uvimbe huo. Vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Muda wa miaka miwili na zaidi Epstein alitafuta virusi asivipate.

Mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kinyama kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaenda kutua Manchester. Kinyama kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka kama maji ya mtoni. Walidhani kimeoza. Lakini walipotazama kwa hadubini waliona chembechembe nyingi zinaelea, nazo ni hai. Wakaziotesha. Mwezi Februari 1964 wakaviona virusi ndani yake. Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza habari hiyo mwezi Machi 1964, na virusi vikaitwa virusi vya Epstein-Barr.

Wataalamu hao walitaka chembechembe zilizo hai, na ukungu uliwaletea bahati. Bahati kama hiyo haiji kila siku. Mimi nilikawiza kinyama changu siku moja na nusu, na hakikuleta uvumbuzi wowote. Kilileta uvundo tu.

UJUMBE MDOGO NDANI YA CHEMBE

Sasa tuangalie kinachotafutwa ndani ya kinyama. Tuchukue mfano wa kijiji. Katika ofisi ya kijiji kuna daftari kubwa lenye habari zote. Daftari hilo halitoki ofisini. Mtu akitaka kazi ifanyike, karani hunakili maneno kwenye karatasi, na karatasi ndiyo inayopelekwa kwa watu. Karibu kila chembe ya mwili wetu ina daftari lake, nalo huitwa DNA. Zile karatasi za kunakili huitwa RNA.

Karatasi nyingi ni ndefu, zina maagizo ya kutengeneza kitu fulani. Lakini kuna nyingine fupi sana ambazo hazitengenezi kitu. Kazi yake ni kusimamia tu. Zinazifuata zile karatasi ndefu na kusema: "Hii isimame," au "Hii ipunguzwe." Hizi huitwa RNA ndogo za usimamizi. Zilizo fupi zaidi huitwa maikro-RNA, nazo zina herufi 22 hivi tu. Ya kwanza iligunduliwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo sana, na Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Virusi vya Epstein-Barr navyo vina karatasi zake ndogo. Mwaka 1981 wataalamu wa Marekani, mmoja wao Joan Steitz, walieleza habari za RNA mbili ndogo za virusi hivyo. Zinaitwa EBER ya kwanza na EBER ya pili. Kila moja ina herufi 170 hivi, na chembe moja iliyoingiwa na virusi inaweza kuwa na mamilioni ya EBER. Tena mwaka 2004 iligunduliwa kwamba virusi hivyo hivyo hutengeneza maikro-RNA. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kufanya hivyo.

Karatasi hizi ndogo huvisaidia virusi kujificha walinzi wa mwili wasivione, na huizuia chembe iliyoharibika isife kwa wakati wake. Mwizi aliyeingia ofisini akaanza kutoa maagizo yake mwenyewe kwa karatasi ndogo ndogo, huacha ushahidi. Daktari anayepima kinyama hutafuta ushahidi huo.

EBER HUTAFUTWAJE?

Kinyama kilichokaa kwenye fomalini hukaushwa maji yake na kuingizwa nta safi inayoitwa parafini. Nta ikiganda, kinyama huwa kimo ndani ya kipande kigumu kama kipande cha sabuni. Kipande hicho kinaweza kukaa kabatini miaka mingi. Mtaalamu hukikata kwa mashine yenye kisu kikali, akapata kijikaratasi cha nyama chembamba kuliko unywele. Hukiweka juu ya kioo, akaiondoa nta.

Kisha huweka dawa ya kunasa. Ndugu zetu wachimbaji watafahamu upesi. Mchimbaji akiweka zebaki kwenye mchanga uliosagwa, zebaki huiacha michanga yote ikashika dhahabu tu. (Zebaki yenyewe ni sumu, nayo tutaizungumza siku nyingine.) Dawa ya kunasa nayo hupita RNA zote nyingine ikashika EBER tu, kwa sababu imetengenezwa kwa herufi zinazolingana na herufi za EBER, kama ufunguo na kufuli lake. Dawa hiyo imefungwa alama. Mtaalamu akiongeza dawa ya rangi, mahali palipo na EBER hugeuka bluu iliyokoza au kahawia. Akitazama kwa hadubini akiona viini vya chembechembe za kansa vimejaa rangi, anajua kwamba virusi vya Epstein-Barr vimo ndani yake.

Katika Afrika yetu karibu kansa zote za Burkitt za watoto huwa na virusi hivyo. Lakini tuelewe vizuri. EBER peke yake haisemi kwamba mtu ana kansa ya Burkitt. Watu wazima karibu wote duniani wana virusi hivyo katika chembechembe chache, nao hawaumwi. Tena kansa nyingine pia huwa navyo. Kwa hiyo daktari huangalia umbo la chembechembe, na vipimo vingine, na EBER, ndipo akaamua. Wala si kila hospitali ina dawa za kupima EBER, na mtoto hacheleweshwi matibabu kwa kungojea kipimo hicho kama mengine yamekwisha onyesha ugonjwa.

KWA NINI UJUMBE MFUPI HAUPOTEI UPESI

Huenda msomaji akauliza: nyama iliyokaa kwenye dawa kali na kwenye nta miaka mingi, inawezekanaje ikabaki na ujumbe?

Fomalini hufunga vitu vyote ndani ya chembe visisogee. Sisi Wasukuma tunakata viazi vitamu, tunavianika, tunapata michembe. Kiazi kimebadilika, lakini hakikuoza, na mwezi wa njaa tunakipika tukala. Fomalini nayo huigeuza nyama lakini huizuia isioze.

Hata hivyo dawa hiyo na miaka huzivunja RNA zilizo ndefu. Barua ndefu ikichanwa vipande vipande haisomeki. Lakini karatasi yenye neno moja tu, "Simama", haina mahali pengi pa kuchanika. Maikro-RNA ni fupi namna hiyo, tena zimekumbatiwa na protini zinazozilinda. Ndiyo maana wataalamu wanaweza kuiyeyusha nta, kuifungua nyama kwa joto na dawa, kuzitoa maikro-RNA, kuzinakili mara nyingi, na kuzihesabu, hata kama kinyama kimekaa zaidi ya miaka kumi.

Mfano mmoja umetoka kwa jirani zetu wa Kongo. Huko Kinshasa vilihifadhiwa vinyama vya wagonjwa katika nta tangu zamani. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba katika kinyama cha mwaka 1960 wamepata vipande vya ujumbe wa virusi vya UKIMWI. Mwaka 2020 wengine walitangaza kwamba wameunganisha karibu ujumbe wote wa virusi hivyo kutoka kinyama cha mwaka 1966. Walikuta vipande vifupi vifupi, wakaviunga kama mtu anayeunga chungu kilichovunjika. Waliovitia vinyama hivyo dawa miaka ile hawakuujua UKIMWI. Walifanya kazi yao vizuri tu, na kazi nzuri ikasaidia baada ya miaka 40 na zaidi.

Kwa upande wa kansa ya Burkitt, mwaka 2017 watafiti wakiwemo Cliff Oduor na wenzake walitangaza habari za RNA ndogo katika uvimbe wa watoto wa magharibi ya Kenya, ng'ambo ya ziwa letu. Walisoma maikro-RNA za mtoto na za virusi pia, ili kufahamu jinsi ugonjwa unavyoanza. Watoto hao hawako mbali na wetu. Malaria yao ni malaria yetu.

KUKAA KIMYA SI KUSEMA HAPANA

Sasa nafika kwenye jambo kubwa ninalotaka ndugu wasomaji mlikumbuke.

Mtaalamu akipima EBER asione rangi yoyote, anaweza kudhani virusi havimo. Lakini huenda vilikuwemo, ila kinyama kiliozea njiani na ujumbe wote ukafutika. Kwa sababu hiyo kipimo kizuri hufanywa mara mbili. Mara ya kwanza anatafuta EBER. Mara ya pili anatafuta RNA nyingine ambayo kila chembe ya mtu lazima iwe nayo, mgonjwa au mzima. Hiyo ya pili ikionekana, kinyama ni kizima, na jibu la EBER linaaminika. Hiyo ya pili nayo isipoonekana, kinyama hakina sauti tena. Hakisemi ndiyo wala hapana.

Mwenyekiti akimwuliza mtu kwenye mkutano, "Umekubali?", na mtu yule akanyamaza, hatuwezi kuandika kwamba amekataa. Labda hakusikia. Labda ni mgonjwa. Kinyama kilichooza ni kama mtu huyo. Hatari yake ni kwamba watu watasoma ukimya wake kama jibu, na mtoto atarudishwa nyumbani na kansa yake.

Mitambo ya mjini ni mizuri, lakini haiwezi kurudisha kilichopotea kijijini. Jibu zuri huanza katika dakika ile kinyama kinapotoka mwilini. Tangu mwezi Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, na magari ya Geita kwenda Mwanza hayangojei tena kivuko. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini kinyama kilichotiwa kwenye maji ya chumvi kitaoza hata kwenye barabara nzuri.

YA KUFANYA SISI WAHUDUMU WA AFYA

1. Kabla ya mgonjwa kukatwa kinyama, hakikisha fomalini ipo. Kama haipo, itafutwe kwanza. Usianze kwa kisu ukamalizia kwa kutafuta chupa.

2. Itumike fomalini ya asilimia 10 iliyotiwa chumvi zake za kuzuia ukali. Fomalini iliyokaa sana bila chumvi hizo hugeuka kuwa tindikali, nayo huvunja ujumbe wa chembe.

3. Kinyama kiingie kwenye fomalini mara moja. Usitumie maji ya chumvi wala maji ya bomba. Usikigandishe kwenye barafu isipokuwa maabara imekuagiza hivyo.

4. Dawa iwe nyingi, si chini ya mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Chupa iwe na mdomo mpana. Kinyama kilichobanwa kwenye kichupa huoza katikati, kwa sababu dawa huingia polepole, karibu milimita moja kwa saa.

5. Kisikae kwenye fomalini chini ya saa 6, wala kisikae wiki nzima. Kifike maabara ndani ya siku tatu.

6. Andika kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko: jina, umri, mahali kilipokatwa, tarehe na saa. Vifuniko hubadilishana.

7. Chupa ikivuja njiani usiongeze maji. Piga simu maabara uulize.

8. Fomalini ni sumu. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na watoto wasiifikie.

YA KUFANYA SISI WAZAZI

1. Mtoto ambaye meno yake yanalegea kabla ya wakati, au shavu, tumbo au jicho linavimba haraka, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Si kila uvimbe ni kansa, lakini huu haungojwi. Usisubiri kuuza mpunga kwanza. Usikubali achanjwe chale.

2. Ukiambiwa mtoto akatwe kinyama, usikimbie. Kukata kinyama hakuamshi kansa hii wala hakuisambazi. Inasambaa kwa kucheleweshwa.

3. Uliza maswali. Kinyama kimewekwa kwenye dawa gani? Kinaondoka lini? Namba yake ni ipi? Jibu litarudi siku gani? Mhudumu mzuri hachukii kuulizwa. Laiti yule bibi angeniuliza mimi, ningekwenda kumwuliza daktari.

4. Siku ya jibu ikipita, fuata. Usikae nyumbani ukidhani kimya kina maana ya salama.

5. Kama kinyama kitatumika pia kwa utafiti, una haki ya kuelezwa na kukubali au kukataa, na mtoto atatibiwa vile vile. Utafiti wa afya nchini kwetu lazima upate kibali, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye kazi hiyo.

6. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, na homa ipimwe mapema. Kuzuia malaria ni kuzuia njia mojawapo ya kansa hii.

Ndugu wasomaji, wazee wetu walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba hata asiyeficha anaweza kuumbuliwa na kichupa kibaya. Hapa kwenye zahanati yetu chupa za fomalini sasa ziko kwenye rafu ya juu, zimeandikwa tarehe, na kila Jumatatu nazihesabu. Yule mtoto hupita mara moja moja na bibi yake. Huzungusha kichwa ili anitazame kwa jicho la kulia, akanisalimia, "Shikamoo dokta." Mimi huitikia, kisha nakwenda kuzihesabu chupa tena.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

1. Kwa nini kinyama cha kwanza cha mtoto hakikusomeka? Taja makosa yote uliyoyaona.

2. Kwa nini ujumbe mfupi hubaki katika nyama ya zamani wakati ujumbe mrefu umevunjika?

3. Kinyama kisipoonyesha EBER, mtaalamu hujuaje kama virusi havimo au kinyama kimeharibika?

4. Baba wa mtoto alikataa mtoto asikatwe mara ya pili. Alikuwa na haki? Wewe ungemwambia nini?

5. Zahanati yenu ina fomalini? Nani kati yenu atakwenda kuuliza?